Akienda Chafya Ukifukiza Udi, Usimnunie Bado

Mwezi huu naongelea chafya. Ndiyo, chafya! Najua wapo watakaosema dada leo kaishiwa na mada. Nipeni dakika kumi tu, maana chafya nusura zinivunjie ndoa.

Mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia Mji Mkongwe. Mwenzangu ni mtu wa Uroa, kule pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Chwaka na Pongwe. Tulipooana somo wangu hakubakisha kitu. Nilifundishwa namna ya kukoleza makaa ya chetezo yasitoe moshi mchungu, namna ya kufukiza khanga na shuka, namna ya kumwaga asumini kitandani zisikauke kabla mwenyewe hajarudi. Mama akaniongezea udi wa maana alioletewa na ndugu zetu wa Muscat. Chumba kilinukia mpaka majirani wanauliza.

Usiku wa tatu mwenzangu akaanza kwenda chafya. Moja, mbili, nne, saba mfululizo. Anageukia ukutani, anajifunika shuka, asubuhi macho mekundu kama mtu aliyelia. Nikamuuliza, akasema, "Mafua tu haya." Wiki ya pili, kila nikiwasha chetezo yeye anatoka kukaa barazani, ati anapunga upepo. Wiki ya nne nikawa nishamaliza hesabu zangu: huyu mtu hanitaki, au yupo mwingine anayemtaka. Si unajua tena akili ya mwanamke mwenye wasiwasi? Nikaanza kuvizia simu yake. Sikukuta kitu, na hilo nalo likanitia wasiwasi zaidi!

Sikukuu ikaja, tukaenda kwao Uroa. Nilikuwa nimeshanuna, chetezo nimekiacha mjini makusudi. Tukalala chumba cha wageni kilichokuwa kimefungwa tangu mvua za masika. Saa kumi na moja alfajiri, chafya zile zile. Udi hakuna, asumini hakuna. Sasa nani wa kulaumiwa?

Kulipokucha tukateremka ufukweni, maji yamekupwa, wanawake wameshaingia kwenye mashamba yao ya mwani, upepo unatupiga usoni. Haikupita nusu saa mwenzangu anapumua kama mtu mwingine. Tuliporudi, mama mkwe akamtazama macho yake akacheka. "Huyu tangu mdogo ndivyo alivyo. Masika yakiingia hapumui vizuri, kifua kinapiga mluzi. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Jamani, nilihisi kama nimepigwa kofi. Usiku ule nikamuweka kitako. Akaniambia, "Ningekwambiaje? Mama yako kaleta udi kutoka Oman, somo kakufundisha siku saba, halafu mimi nije niseme pua yangu haitaki? Na nani anataka kuitwa mume mgonjwa mwezi wa kwanza?"

Kumbe ni aleji

Aleji, au mzio kama wanavyosema wataalamu, ni kinga ya mwili kukosea adui. Mwili unakutana na kitu kisicho na madhara, vumbi la chavua au unga mwingine wowote, unakichukulia kama kijidudu cha maradhi, kisha unamwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayowasha pua, inayotoa machozi na kuleta chafya kwa foleni.

Utaitofautishaje na mafua? Mafua ya kawaida huja na mwili kuuma, pengine homa, na aghalabu huisha ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Aleji haina homa. Makamasi ni mepesi kama maji, pua na macho yanawasha, hata paa la kinywa linawasha, na hali inakwenda wiki baada ya wiki. Tangu korona ya mwaka 2020 ukipiga chafya kwenye daladala watu wanakutazama kama umekuja na kesi, kwa hiyo ni vizuri kuijua tofauti. Ukiwa na shaka, pima.

Wenzetu wa Ulaya aleji yao inajulikana kwa msimu. Daktari mmoja wa Kiingereza, John Bostock, aliwaeleza madaktari wa London mwaka 1819 maradhi yaliyokuwa yakimsumbua yeye mwenyewe kila kiangazi. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba mchawi ni chavua ya majani. Leo wifi yangu aliyeko London anatangaziwa kiwango cha chavua kama sisi tunavyotangaziwa upepo na mvua. Miti huanza kama mwezi wa tatu, majani yanafuata mwezi wa tano mpaka wa saba, magugu yanamalizia. Siku chavua ikiwa juu, anafunga madirisha na kumeza kidonge kabla ya kutoka.

Hapa kwetu mambo yamechanganyika. Hatuna majira ya baridi ya kunyamazisha miti yote kwa pamoja. Mvua za masika zikishanyesha, majani yanashamiri na kutoa maua yao madogo ambayo hakuna anayeyatazama. Mivinje ya ufukweni nayo inamwaga chavua yake kwenye upepo. Ua la kuliogopa kwa chavua ni hilo lisilo na uzuri wala harufu, kwa sababu linategemea upepo. Asumini na waridi chavua yao ni nzito, inanata, inasubiri nyuki. Kwa hiyo asumini wako wa kitandani hamwagi chavua chumba kizima. Ila harufu kali inaweza kuisumbua pua ambayo tayari imevimba kwa sababu nyingine.

Mbona ufukweni anapona?

Hapa ndipo nilipoanza kuwa mpelelezi. Unguja tuna pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba mpaka karibu na masika ikitokea kaskazini mashariki, na kusi inavuma katikati ya mwaka ikitokea kusini mashariki. Sasa tazama ramani. Uroa inatazama mashariki. Mara nyingi upepo unaofika pale, uwe kaskazi au kusi, unatoka baharini, na baharini hakuna majani wala miti. Mji Mkongwe uko magharibi ya kisiwa. Upepo ule ule ukitufikia sisi umeshapita juu ya mashamba, vichaka na barabara za vumbi.

Kwa hiyo mtu anayepumua vizuri ufukweni Uroa na kwenda chafya chumbani Uroa, hatua hamsini tu kutoka hapo, adui yake yumo chumbani.

Na yumo kweli. Anaitwa utitiri wa vumbi. Ni mdudu mdogo sana, urefu wake kama theluthi moja ya milimita, humuoni kwa macho. Haumi, hanyonyi damu. Anakula vipande vya ngozi yetu iliyokufa, ile inayotupuka usiku tukilala. Hanywi maji kama sisi, anayafyonza kutoka kwenye unyevu wa hewa. Hewa ikiwa kavu anakufa. Sasa fikiria kisiwa chetu ambacho unyevu mara nyingi unapita asilimia 70, halafu fikiria godoro, mto na watu wawili wanaopendana. Umeshamjengea hoteli! Kinachotuwasha zaidi ni kinyesi chake, kinachokauka na kuruka kila ukijigeuza kitandani. Watafiti wa Leiden kule Uholanzi ndio waliogundua miaka ya 1960 kwamba utitiri huyu ndiye chanzo kikubwa cha aleji ya vumbi la nyumba.

Ndiyo maana mwenzangu anaanza chafya alfajiri. Kalalia mto usiku kucha.

Mwenzake utitiri ni kuvu. Masika yakipiga, kabati inanuka, nguo zinaota madoa, ukuta unachora ramani. Kuta zetu za mjini za mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa polepole. Ukizipiga plasta ya sementi ili zipendeze, unyevu unakosa pa kutokea na kuvu inafurahi. Na chumba kilichofungwa tangu masika, kama kile chetu cha Uroa, ni karamu ya wote wawili.

Kuna na vumbi la kazini. Wakulima wa mwani wa Zanzibar waliozungumza na watafiti, ripoti ikatoka mwaka 2012, walitaja aleji, macho na matatizo ya kupumua pamoja na maumivu ya mgongo. Kama mwani mkavu unasubiri mnunuzi ndani ya nyumba, usiuweke chumba cha kulala.

Na udi je?

Udi si aleji hasa. Moshi ni moshi, hata ukinukia vipi. Unaichokoza pua na kifua ambacho tayari kimekasirika. Oman, ambako bukhuri haikosekani nyumbani, watafiti waliandika mwaka 2009 kuhusu watoto wa shule. Hawakuona kwamba nyumba zinazofukiza zina watoto wengi zaidi wenye pumu. Lakini kwa watoto ambao tayari wana pumu, moshi ule ulikuwa kichocheo cha kawaida cha kifua kubana na kupiga mluzi. Kwa lugha nyingine, udi haukumpa mwenzangu maradhi, ila ulikuwa unayaamsha. Nami niliyakoleza makaa kila usiku nikidhani naamsha mapenzi!

Tulivyofanya

Kwanza, daftari. Wiki mbili tuliandika kila siku: chafya zimekuja saa ngapi, wapi, kumefukizwa nini, mvua au jua, nani kafagia. Msione ni mchezo, daktari atalipenda daftari hilo kuliko maelezo marefu. Letu lilionyesha mambo matatu: kitanda, moshi, na siku za kufagia.

Pili, kitanda. Shuka na foronya zinafuliwa kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, ndiyo utitiri anakufa. Godoro na mito tumevivisha mifuko yenye zipu isiyopitisha vumbi. Jua likiwa kali godoro linatoka nje, linageuzwa pande zote, linapigwa na mtu mwingine, si yeye mwenye pua. Zulia la chumbani tumeliondoa, mkeka unatosha. Sakafu tunafuta kwa kitambaa kibichi badala ya kurusha vumbi kwa ufagio. Chandarua nacho kinakusanya vumbi, kifue, lakini kile chenye dawa usikifue ovyo wala usikianike juani, kianike kivulini ili dawa isiharibike.

Tatu, hewa. Ukishapika au kuoga, fungua madirisha. Kabati isogee mbali kidogo na ukuta. Kuvu ukiiona ifute mapema, na mwenye aleji asiwe yeye mfutaji.

Nne, dawa. Hapa nisikilizeni vizuri. Vidonge vya zamani vya aina ya Piriton vinasaidia lakini vinalaza. Usimeze ukaendesha gari, wala usimeze ukashangaa bosi anakukuta umesinzia kwenye kompyuta. Setirizini na loratadini hazilazi sana na mtu mzima anameza mara moja kwa siku, hata Ramadhani haikupi tabu. Pua ikiwa imeziba wiki nyingi, daktari anaweza kukuandikia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi. Hiyo haifanyi kazi kwa siku moja, inataka siku kadhaa mpaka wiki mbili, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu ukasema feki.

Matone ya kuzibua pua ndiyo yaliyotuponza. Mwenzangu alikuwa ananunua kimya kimya kwenye duka moja la dawa, jina nalihifadhi, na hakuna aliyemwambia kwamba hayatumiwi zaidi ya siku chache. Alitumia miezi miwili. Ukizidisha, pua inazoea, ukiyaacha inaziba zaidi ya mwanzo. Alipoacha alipata wiki ngumu, akalala amekaa, lakini akavuka. Na ile tabia ya kununua vidonge vya steroidi au kuomba sindano ya aleji bila daktari, tuiache jamani. Mwenye ujauzito au anayenyonyesha asijichagulie dawa yoyote.

Tano, kifua. Chafya peke yake ni kero. Lakini ukisikia kifua kinapiga mluzi, unakohoa usiku, pumzi inakatika ukipanda ngazi, hiyo huenda ni pumu, na pumu inataka daktari na dawa yake ya kuvuta. Kama mtu anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi au midomo inabadilika rangi, msikae kushauriana. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Mito ya mama mkwe

Mambo hayo yote tuliyamudu. Kigumu kilikuwa mito. Mama mkwe alitupa mito minne ya sufi, kaijaza kwa mkono wake, sufi kutoka msufi wa uani kwao, na foronya kazidarizi mwenyewe. Mito ya miaka, imekunywa masika mengi. Daftari likasema mito iondoke. Sasa nani anamwambia mama wa watu kwamba zawadi yake inamtia mwanawe maradhi?

Mimi nilikataa. Mke akisema, itasikika Uroa nzima kwamba mke wa mjini anadharau vitu vya shamba. Nikamwambia mwenzangu, pua ni yako na mama ni wako, ukaseme wewe. Akavuta siku, wiki, mwezi. Tukagombana kwa hilo kuliko tulivyowahi kugombana kwa udi. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule, kunyamaza. Alininyamazia mimi, sasa anamnyamazia mama yake, na katikati yuko mtu anayekesha akipiga chafya.

Mwisho alikwenda. Mimi nilikuwa jikoni na wifi, masikio yote ukumbini. Alizunguka weee, akataja unyevu, akataja Uholanzi. Mama akamkatisha. "Kwani unataka kusema mito inakuumiza? Si useme tu. Nipe nitaiweka barazani wakalie wageni. Lakini foronya zangu mkazivishe mito mipya, sikudarizi bure." Basi. Miezi miwili ya hofu ikaisha kwa maneno yasiyofika dakika moja.

Nami nikatoa changu. Udi sijauacha, nitauachaje? Nafukiza nguo zangu mchana, uani, yeye akiwa kazini, halafu naziacha zipigwe upepo saa nzima kabla ya kuziingiza ndani. Harufu inabaki, moshi hauingii chumbani. Asumini naweka kisahani dirishani, na masika yakikolea natoa hata hizo. Somo wangu nilipomweleza alinuna kidogo, kisha akaniambia niwaeleze na wari wengine anaowafunda. Nimeona nianze na ninyi.

Kwa hiyo dada, mwenzio akigeukia ukutani, kabla hujapekua simu, muulize pua yake ikoje. Na wewe kaka, mafua yasiyoisha miezi mitatu si mafua. Sema. Mwanamke aliyekukolezea makaa hatakasirika ukimwambia moshi unakubana. Atakasirika akiambiwa na mama yako.

Masika haya mwenzangu bado alikwenda chafya, siwadanganyi. Aleji haikwenda popote. Lakini siku hizi akiingia ndani ananiambia mlangoni, "Leo pua haiko sawa," nami nafungua dirisha, nabadilisha foronya, na tunalala tukitazama upande mmoja.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.